Karatasi ya Mashine ya Nanasi

Naona haya kulisimulia jambo hili, lakini mafundi wenzangu mmeshasikia vipandevipande, basi bora mlipate lote kutoka kwangu: nilimkatalia Bi Salma bei yake, tena kwa kumcheka, na hapo ndipo nilipoharibu.

Mimi na mke wangu tunaunda mashine za kukamua nanasi hapa Zinga. Kina mama wa kikundi kimoja cha wakulima kule Kiwangwa walitaka mashine kadhaa kwa mpigo, kwa sharti kwamba zije na maelekezo ya maandishi, na siku ya majaribio mwenzao aiendeshe moja kwa kusoma tu, mimi nikae kimya (walisema ikiwagomea shambani hawatanikimbilia Zinga). Oda ile tuliitamani sana, maana magoti ya mke wangu yamechoka, na tulikubaliana tukiipata tuajiri mtu, yeye apumzike.

Nikaelekezwa kwa Bi Salma wa Mbegani, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ni hiyo, kuandikia watu maelekezo ya mitambo, anajitegemea, hana mwajiri. Akaja, akatazama, akanitajia bei. Ilikaribia bei ya mashine nzima.

"Binti yangu, kwa kurasa tatu?"

"Mzee, kurasa ndiyo sehemu ndogo. Nitashinda hapa siku kadhaa niwatazame wewe na mama mnavyofanya kazi, halafu nimpe karatasi mtu asiyeijua mashine, nione anakwama wapi, nikaandike upya."

"Kumbe nakulipa uje kunitazama," nikacheka. "Mimi nimefika kidato cha nne, mwanangu, na mashine nimeiunda mwenyewe."

Mke wangu, aliyekuwa amechuchumaa kando ya mashine kama kawaida yake, akasema taratibu, "Baba Zuhura, mpe tu."

Sikumpa. Nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Siku ya majaribio kule Kiwangwa mke wangu akavaa kanga mpya, nikamwambia leo yeye ni mgeni, akae kwenye viti na mtendaji wa kata. Dada mmoja akashika karatasi yangu akawa anasoma kwa sauti, tia nanasi, funika, washa, na kila alichosoma akakifanya vilevile. Kabla hajawasha mke wangu akainuka, "Subiri, pini..." nami (Mungu anisamehe) nikamwashiria akae, sharti ni kunyamaza.

Mfuniko uliruka juu, ukatua kwenye sinia la pilau walilotuandalia, na nanasi likawarukia wageni wote, mtendaji akabaki na nyuzi za nanasi kwenye ndevu.

"Mzee, hii ni ya kukamulia au ya kuogeshea watu?" mmoja akauliza kutoka nyuma, na wenzake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mwenyekiti wao hakucheka. Aliisoma karatasi yangu yote, akairudia.

"Pini ya mfuniko haimo humu, mzee. Huwa anaichomeka nani?"

"Mimi," akasema mke wangu.

Ndivyo ilivyo. Mimi nikishafunika, yeye kule chini anachomeka pini, tangu mashine yetu ya kwanza, mkono wangu haujawahi kuigusa, kwa hiyo nilipokaa kuandika haikunijia hata kidogo. Bi Salma angeiona asubuhi ya kwanza.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake, nayo imeshachafuka.

"Kwani siku zote ulikuwa hunioni, Baba Zuhura?"

Hakuuliza kwa hasira.

Siku hizi mtu akinitajia bei ya mwandishi kama yule sicheki tena, nauliza anaanza lini. Lakini kikundi kilinunua kwa fundi mwingine, mtu wa kutusaidia hatukumwajiri, na mke wangu bado anachuchumaa kando ya mashine kila asubuhi, kwa magoti yaleyale.