Mashine Inayozimika Katikati ya Mto

Saa nane na nusu mchana, Feodora Jimmie amepiga magoti kwenye tope la ukingo wa mto Kuskokwim, Alaska, kaskazini ya mbali. Mkono wake mmoja umo ndani ya boti ya binamu yake, unaminya kile kipira cha kusukumia petroli. Anaminya, anaachia, anasikiliza. Mashine ya boti imevuliwa kifuniko na iko kimya.

"Unaikanda au unaiombea?" anauliza Wasska Alexie, mwenye boti, akiwa ameketi juu ya wavu mkavu.

"Naiuliza kwa nini inakukimbia. Inasema harufu."

Wanacheka. Wasska ni mtoto wa shangazi yake Feodora, na huku watoto wa aina hiyo wamezaliwa kutaniana. Lakini macho ya Wasska hayatoki mtoni.

Uvuvi umeruhusiwa tangu saa sita mchana, na saa sita usiku mto unafungwa. Ruhusa nyingine ni Jumamosi, na kufikia hapo samoni wakubwa watakuwa wameshapita kwenda juu. Nyumbani kwa kina Wasska wanakula watu tisa. Vichanja vya kukaushia samaki vya mama yake, Olinka, mjane wa miaka 71, havina kitu. Samaki wa leo ndio chakula cha Januari.

Tangu saa sita Wasska ametoka mara tatu. Mashine inakimbia vizuri dakika kumi, inakohoa, inazima. Akikaa kidogo inawaka tena kama vile hakuna kilichotokea.

"Ingekuwa plagi, isingetaka kupumzika," anasema Feodora. "Hii ina kiu. Petroli ipo, ila haiifikii."

Ana miaka 44, na kila kiangazi mashine zipatazo sitini hupita mikononi mwake. Hakuna aliyemfundisha. Miaka ishirini iliyopita boti yake ilizima akiwa na wanawe wawili, mvua ikinyesha, na mto ukawachukua kwa saa sita.

"Mdogo nilikuwa namnyonyesha chini ya turubai," anakumbuka. "Mkubwa akaniuliza, mama, mbona huitengenezi? Majira ya baridi yale nikaifungua yote kwenye sakafu ya jikoni. Nikairudisha, zikabaki skrubu nne. Nikaifungua tena."

Leo anaanza kwa kuifunga boti kwenye gogo. Anamwambia Wasska awashe na aitie gia, mashine ipate mzigo, huku yeye ameshika kipira. Dakika ya tano kipira ni kigumu. Dakika ya tisa kinaanza kubonyea, kisha kinanywea kabisa, kama mashavu ya mtoto anayenyonya chupa iliyoziba. Mashine inazima.

"Basi," anasema. "Kingebaki kigumu, ningeitafuta shida mbele, kwenye kabureta. Kimenywea, kwa hiyo mashine inavuta na kitu kinazuia huku nyuma, kwenye tangi."

Anafungua kitundu cha hewa cha tangi. Kiko wazi. Anavuta kijibomba kinachoshuka ndani kunyonya petroli. Kijichujio cha mwishoni kimevaa nyuzi za kijivu, nene kama utando wa buibui. Mashine ikivuta, nyuzi zinaganda pale. Ikizima, zinaachia na kuelea. Ndiyo maana ilikuwa inawaka tena.

Hapo Olinka anateremka ukingoni na chupa ya chai na mkate wa kukaanga.

Petroli hapa ni dola tisa kwa galoni. Inafika kwa mashua kubwa ya mizigo, kwenye mapipa yenye kutu na maji, na hakuna anayekubali kuimwaga. Wazee waliichuja kwa kofia ya manyoya yaliyoshindiliwa, ambayo hupitisha petroli na kuzuia maji, nayo ikawa safi. Feodora ameshajua nyuzi hizi zimetoka kwenye nini, ila mtu mzima hasahihishwi mbele ya mwanawe. Anazifuta kwenye suruali.

"Nyuzi tu," anasema.

Olinka anainama, anazitazama. "Hiyo rangi ya buti ya marehemu," anasema taratibu. "Kofia yake ilichakaa. Nikachujia ile soksi nene ya ndani ya buti yake, nikaona ni manyoya yale yale. Kumbe mimi ndiye niliyewanyima samaki."

"Shangazi, umechuja vizuri. Hamna hata tone la maji humu. Buti ndiyo imezeeka."

Wasska anamtazama mama yake. "Kumbe ni baba anayeishika mashine! Alishasema nisiende mtoni bila yeye."

Olinka anacheka hadi chai inamwagika.

Feodora anamimina petroli yote, anaipitisha kwenye chujio lake la kuzuia maji na uchafu, anasuuza tangi, anapuliza mpira wa mafuta kwa mdomo na kutema. Anabadilisha filta. Anafungua na bakuli la kabureta, maana nyuzi mbili tatu huenda zimefika huko. Zimefika. Saa kumi na robo mashine inawaka. Dakika kumi zinapita, ishirini, kipira bado kigumu. Mama na mwana wanaondoka.

Wanarudi saa tatu usiku, jua likiwa bado juu ya miti, na samoni thelathini na mmoja. Kabla ya kushika kisu, Olinka anachukua redio ya upepo, ile inayosikika kila nyumba.

"Mimi Olinka. Nimechuja petroli kwa buti, mashine ikazima. Msifanye kama mimi. Chekeni, mkimaliza tazameni matangi yenu."

Wanacheka kweli. Kisha sauti ya kwanza inamwita Feodora, ya pili, ya tano. Kumbe si nyumba moja.

Feodora anaandika majina kwenye kiganja. Kesho na keshokutwa atapita nyumba kwa nyumba na chujio lake. Ana sababu yake: kwa miaka mitatu hajatega wavu siku ya ruhusa, maana siku hiyo ndiyo mashine za watu huharibika, na samaki anaokula ni wa kupewa.

"Nikizisafisha zote kabla ya Jumamosi, nani ataniita?" anasema, akiufungua wavu wake aone panya wameula wapi. "Hata kama watakuwa wadogo, wawe wangu."