Joho la Manyoya ya Kuku

Shoga yangu, jana mjukuu wangu kanipeleka Matrah, bandarini hapa Maskati, kutazama wageni wa meli wakicheza ngoma za kwao Hawai. Akanieleza kwa sauti ile ya mwalimu: "Bibi, hivi ndivyo wakivaa wafalme wao zamani." Nikamwigiza vile vile, akanuna.

Basi akatolewa mama mmoja mnene, kakalishwa kitini, kavishwa joho la manyoya mekundu na ya njano, linang'ara. Ubavuni wawili wamesimama na fimbo ndefu zenye mashada ya manyoya juu, mfano wa mifagio ya kuondoshea buibui. Watu wote macho kwa malkia. Mie nikawatazama wale wa mifagio, roho ikaniuma.

Kwetu Unguja, sikukuu ikifika, watoto wa mtaa tukicheza usultani uwani kwa bibi yangu, harufu ya pilau imetanda. Mwaka mmoja joho nililishona mie. Manyoya niliyaokota bandani kwa kuku, moja moja, nikayashona kwenye kanga kuukuu, sindano inanichoma vidole. Lakini kuvaa akavaa mtoto wa jirani, ati kwa kuwa nywele zake zinafika kiunoni. Na kujidekeza kwake kule: "Jamani mie sitaki, mnanionea." Hataki, na shingo keshainyoosha. Mie nikapewa mwavuli nimfunike.

Kumbe manyoya ya bandani yana utitiri, vile vidudu vya kuku vinavyowasha. Nikauona unampanda shingoni, nikasema moyoni, sasa atalitupa, nilivae mie. Wallahi hakujikuna. Machozi yanamlenga, kakaa vile vile mpaka tukamaliza kumwimbia. Bibi akacheka: "Malkia hajikuni." Hapo ndipo nilipomwonea wivu hasa, maana mie ningejikuna.

Tukaja zeekea sote wawili, mie na yeye, huku Maskati. Kila harusi yeye mbele na dhahabu zake, mie nampitia nyuma, namnong'oneza: "Utitiri." Hageuki, ila mabega yanamtikisika kwa kucheka.

Jana yule malkia wa Hawai jasho lilimtiririka na joto la Matrah, asilipanguse. Nikainama pembeni nimnong'oneze mwenzangu, nikakuta kiti cha ubavuni pangu kitupu. Tumemzika kabla ya Ramadhani.

Uwa wa bibi haupo, kuku hawapo. Wivu nnao bado, mzima kama nilivyoushona. Nimwonee nani sasa?