Meno Hamsini na Nane

Pikipiki ya umeme ya porini haina gia. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mafundi wa pikipiki za mafuta hawalielewi, na mume wangu, fundi wa miaka mingi pale Mabatini, lilimchukua siku nzima kulikubali. Ya mafuta ikishindwa mlima unarudisha gia, inapiga kelele, inapanda. Ya umeme ina mota moja, cheni moja na sproketi mbili, ndogo mbele na kubwa nyuma. Ukishachagua meno ya ile ya nyuma umeshachagua mwendo wako wa siku nzima. Meno yakiwa mengi inakwenda polepole lakini ina nguvu. Yakiwa machache inakimbia vizuri kwenye lami, ila ukiikazia mlimani mota inakunywa umeme, inachemka, na ikichemka inajizima yenyewe isije ikaungua. Inakuacha hapo hapo na huna hata kiki ya kupiga.

Nayajua haya kwa sababu niliyasoma, nikayajaribu, kisha nikaaibika nayo mbele za watu.

Mimi ni mtu wa mifugo. Nachanja ng'ombe katika vijiji vya nyuma ya Kisesa, na kimojawapo kiko juu ya kilima cha mawe ambacho gari halifiki. Kwa miaka mingi nilikuwa nakipanda kwa miguu, boksi la chanjo begani, na boksi lenyewe lilikuwa la zamani. Nikifika juu barafu imekwisha. Mama mmoja mfugaji wa kule, mjane, alipoteza ndama kwa chambavu, ule ugonjwa wa kuvimba misuli unaoua ghafla, baada ya mimi kuwachanja. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, wewe unatuletea maji." Nilikuwa na hasira naye wiki nzima, kisha hasira ikanigeukia mwenyewe, maana alikuwa anasema kweli. Chanjo iliyopata joto ni maji.

Ndipo mradi mmoja ukaleta pikipiki ya umeme, moja tu, na kata mbili tukaitaka. Wenzetu wa bondeni karibu na ziwa waliitaka, na mimi nikaitaka kwa ajili ya kile kilima. Wageni wa mradi wakasema watanipa wiki tatu nijiandae. Wakija, nipande mbele yao na boksi lililojaa. Nikifika juu itabaki kwangu. Nikishindwa inakwenda bondeni.

Ilikuja na sproketi ya nyuma ya meno arobaini na nane. Siku ya kwanza ilizima hata kabla sijafika kwenye mawe yenyewe. Nikarudi nyumbani nimeisukuma kipande kirefu, jasho hadi kisigino, nikamwambia mume wangu meno hayatoshi. Akacheka. Vijana wa bodaboda wanaokuja kwake wote wanataka kupunguziwa meno ili wakimbie, na sasa mke wake ndani ya nyumba anataka kuongezewa. Lakini akashika kazi. Na hapa lazima niseme haki yake, maana nikiificha nitakuwa mwongo kama yeye. Alishika kazi kweli kweli.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri kuliko miaka yetu mingi. Sproketi kubwa za pikipiki ile hazikuwepo dukani, kwa hiyo alikuwa anazichonga kwa rafiki yake mwenye mashine ya kukerezea vyuma, akizileta moja moja zimefungwa kwenye gazeti. Ya hamsini na mbili ikafika nusu ya mlima. Yeye akasema turuke hadi sitini na mbili, tumalize ubishi. Tukaijaribu. Ilipanda kama mbuzi, lakini cheni ilikuwa inaning'inia chini mno ikigonga mawe, na kwenye barabara ya kwenda kijijini watu wa baiskeli wenye magunia walinipita wakinipa pole. Nikasema hamsini na nane. Akasema sitini na mbili. Tukabishana hadi chai ikapoa, na mwisho akasema, "Haya, mwalimu, iwe hamsini na nane."

Ilipokuja tuliihesabu pamoja, Jumapili alasiri, baada ya kanisa. Yeye ana desturi aliyoipata kwa fundi aliyemfundisha, kwamba meno hayahesabiwi na mtu mmoja. Mmoja anahesabu kwa sauti akizungusha, mwingine anahesabu moyoni, na wakitofautiana wanaanza upya. Tatizo ni jino la kuanzia, ukilisahau unazunguka milele. Yeye hutumia chaki. Mimi nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikalipaka jino moja. Akasema, "Sasa umeiharibu, inaonekana kama inakwenda harusini." Nikahesabu kwa sauti. Nilipofika mwisho nikamtazama, naye akatikisa kichwa kukubali. Hamsini na nane, mimi na yeye.

Ikapanda. Siku mbili kabla ya wageni kuja nilikwenda peke yangu, nimejaza mawe kwenye boksi badala ya chanjo, nikapanda kilima hadi juu, nikashuka, nikapanda tena. Yule mama mfugaji alitoka nje akanitazama mikono kiunoni. Nikamwambia Alhamisi nitakuja na dawa yenye baridi. Akasema, "Tutaona." Kwa mtu wa kule, hiyo ni ahadi.

Jumatano mume wangu akaniambia ametengeneza kava la bati la kufunika cheni upande wote wa nyuma, mchanga usiingie. Nilimshukuru. Akasema pia nisiipande kutoka nyumbani, tuokoe chaji, rafiki yake ana pikapu, ataipeleka yeye hadi chini ya kilima nami nitaikuta imesimama. Nilimshukuru tena. Nilikuwa nashukuru hovyo siku zile.

Alhamisi nikaikuta imesimama, imeoshwa, kava linang'aa. Wageni walikuwepo na kofia zao. Juu kwenye mawe watu wa kijiji walikaa wakisubiri, na nguo ya yule mama niliitambua kwa mbali. Nikafunga boksi, nikaondoka.

Nilihisi uzito tangu mwanzo. Nikajiambia ni woga. Kwenye mwinuko wa kwanza ikawa inalegea, nikaikazia, ikanipa harufu ya joto, taa nyekundu ikawaka, ikazima. Nikangoja ipoe, nikajaribu tena. Ikazima chini zaidi. Mara ya tatu ilizima wakati magurudumu yote mawili yako kwenye jiwe moja pana lililoinama, nikateleza nayo nyuma, boksi likafunguka na vichupa vikamwagika kwenye vumbi. Nikavikusanya kwa magoti mbele ya kijiji kizima. Nilipoinua macho, yule mama alikuwa ameshageuka anarudi kwake.

Kiongozi wa wageni alikuwa mtu mwenye adabu. Aliniambia nimejitahidi sana. Mtu akikuambia hivyo ujue umekwisha. Mchana huo huo pikipiki ikapakiwa kwenye gari lao, mume wangu mwenyewe akiwasaidia kuifunga kamba, nami nimekaa kwenye jiwe nimewapa mgongo.

Akaja akakaa karibu yangu, akanimwagia maji mikononi kutoka kwenye chupa. Akasema, "Usijilaumu, mama watoto. Hesabu za meno si mchezo. Juzi ulipanda na ubaridi wa asubuhi, leo kuna jua." Kisha, taratibu, akaongeza, "Nilikwambia sitini na mbili." Nikalia kwenye shati lake. Nalikumbuka hadi leo, la mistari, lina harufu ya grisi.

Tangu siku ile nikawa mtu asiyejiamini na namba. Kabla ya kutoka nyumbani nilihesabu vichupa mara tatu, mara nyingine nne, nikiandika mkononi kwa kalamu. Wenzangu ofisini wakaanza kunitania kwamba nahesabu kama mhindi wa dukani aliyeibiwa. Mvua zilipokuja chambavu kikapanda kilimani, nami nikapanda kwa miguu na boksi lile lile, nikakuta ngozi mbili za ndama zimetandazwa nyuma ya nyumba ya yule mama. Hakuniambia lolote kuhusu maji. Alinipa kigoda nikae, akaendelea na kazi zake. Usiku na mchana nilijua kosa ni langu, kosa la meno manne, na kwamba nilikuwa nimeonywa na fundi nikajifanya mjuaji. Mara moja niliiona pikipiki ile kwenye lami pale Kisesa, mtu wa bondeni anaipeleka mbio. Nikageuza uso. Laiti ningeutazama ule mwendo.

Ukapita mwaka na zaidi kidogo. Mama mkwe akaugua miguu, na kwa kuwa mume wangu alikuwa na kazi nyingi, nikapanda meli mimi kwenda Nansio kumtazama. Nilimkuta ameshapata nafuu, yuko jikoni anasonga ugali wa muhogo, na hataki msaada wa mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa hapo, usinizibie mlango, nataka mwanga."

Alikuwa ameiteremsha sufuria kutoka motoni ili aukaze ugali, kama wanavyofanya wengi, na kwa kawaida hapo ndipo sufuria huanza kucheza na mpishi kuishika kwa mguu. Ya kwake haikucheza. Alisonga kwa nguvu zake zote za uzee na sufuria ikatulia kama imepandwa. Nikamwambia, mama, sufuria yako ina mizizi.

Akacheka. "Ni chuma cha mwanangu hicho. Aliniletea mwaka jana. Kina meno, yanauma udongo, na tako la sufuria linakaa kwenye tundu, haiendi popote. Alisema kilikuwa kimekaa tu, hakina kazi."

Akaiinua sufuria kuniwekea chakula, nami nikakiona. Duara la chuma, limekwaruzwa kidogo na sakafu ya udongo, lina masizi katikati. Jino moja lilikuwa na rangi nyekundu.

Nilikiinua. Kilikuwa na joto bado. Nikaweka kidole kwenye jino jekundu, nikahesabu. Sikuwa na wa kuhesabu naye moyoni, kwa hiyo nilihesabu peke yangu, na sikuhitaji kurudia. Hamsini na nane. Meno yenyewe yalikuwa makali, mapya, hayajaliwa na cheni zaidi ya siku ile moja niliyopanda na mawe.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Nataka kujua tu alichonga mangapi, mama."

"Anakupenda sana yule," akasema, akinipakulia samaki. "Alipokuja hapa alikuwa na huzuni juu ya ile pikipiki yako. Hata kula hakula vizuri."

Nikala. Ugali ulikuwa mzuri. Sikumwambia, maana ni mama, na kile chuma kilikuwa kimepata kazi ya haki kuliko vyote tulivyovifanya mimi na mwanawe. Nilikirudisha chini ya sufuria yake kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwenye meli nilipanga maneno mengi. Nilipofika nyumbani yalibaki machache. Alikuwa uani anafunga tairi la mtu. Akauliza, "Mama hajambo?"

"Hajambo. Sufuria yake haichezi siku hizi."

Spana ikasimama. Hakuuliza sufuria ipi. Akaanza kusema na tairi, si na mimi. Kwamba pale kijiweni walikuwa wanamcheka. Kwamba walimwambia fundi anamchongea mkewe meno ya kukimbilia milimani, kesho atamtafuta asimwone. Kwamba Jumatano ile alirudisha ya arobaini na nane, akaweka kava nisiione, akidhani mambo yataisha na tutasahau. "Nilitaka ubaki karibu," akasema.

"Mimi nilikuwa nakwenda kuchanja ndama."

"Najua."

"Ulinimwagia maji mikononi."

Akarudi kwenye tairi. Ningeweza kumsamehe ile sproketi, nadhani, siku moja, maana mwanamume akichekwa na wenzake hupoteza akili. Lakini yale maji, na ile "nilikwambia sitini na mbili", siyawezi. Alinitazama mwaka mzima nikijiandika namba mkononi, na jibu analo. Bado tunaishi nyumba moja. Anayeniuliza kwa nini, nina watoto, na sina hamu ya kueleza zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa na safari ya kilimani. Niliweka boksi mezani, nikapanga vichupa, yeye akiwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Akasema kwa sauti ya mtu anayeomba, "Uhesabu, nami nihesabu?"

Nikasema hapana. Nikahesabu mwenyewe, mara moja, nikafunga kifuniko, nikaondoka kwa miguu.