Teneur ya Ugonjwa ya Yaya

Mi sikusomaka. Masomo yangu yote ni majiwe. Miaka makumi mbili niko nachimba na kuuza majiwe huku Ruashi, na jicho moja inanitosha: simama ng'ambo ya barabara na jiwe mu mukono, nitakwambia teneur yake, ni kusema shaba iko kiasi gani ndani. Jicho ya pili naiachaka ipumuzike.

Sasa yaya yangu, dada mukubwa mwenye alinilea kisha mama kufa, akaanza kugonjwa. Uso ilikuwa inawaka gafula, nyekundu. Ungemuweka sufuria ku kichwa, bukari, ugali yetu, ingeiva. Na tumbo ilimukimbiza choo mpaka njia ikatokea mu majani. Kwake Katuba bantu bakasema ni pilipili, bengine bakasema ni majirani. Docteur mumoja wa hapa, mama mufupi kabisa, akasema hapana. Ni kivimbe ya namna yake, ilianzia mu matumbo, imekwisha kutuma batoto mu maini.

"Lakini iko ya kutunza ao ya kuzika, sijue bado," akasema. "Muende Afrique du Sud, bapige photo mbili."

Tukaenda kule Afrika ya Kusini. Ile mashini, bandugu! Naapa, inaweza kuona hata bukari yenye ulikula siku ya ndoa yako. Banamuchoma yaya shindano ya dawa, dawa inatembea mu damu, inashika ku kivimbe, na pale imeshika mashini inaona mwangaza. Siku ingine, shindano ya pili, hii ya sukari.

Tukarudia na CD. Docteur akafungua photo ya kwanza ku kompyuta. Maini ya yaya ilijaa matone yenye kuwaka, mingi kupita nyota za Lukafu, kule hakuna courant ya umeme.

Yaya akashika kichwa. "Basi, nimekufa. Mudogo, munivalishe kitenge ya bleu. Ile ya kijani hapana."

"Yaya, kufa kwanza, njo tuchague kitenge."

Mi nikauliza, juu kazi ni kazi: "Mama docteur, haya matone, teneur yake ni ngapi?"

Yaya akanipiga ku mbavu. "Mi nakufa, we uko unauza majiwe!"

Docteur hakucheka. Aligeuka na kiti yake yote. "Papa, ile ulizo nani alikufundisha?"

"Majiwe, mama."

"Basi njo ulizo yenyewe." Akachora kaduara juu ya tone moja, namba ikatoka. "Iko juu sana, na ni muzuri. Hii dawa ya kwanza inaingiaka tu mu kivimbe yenye ingali na mulango. Ikiwaka hivi, dawa ya kutunza itapita pale pale, iichome kutoka ndani. Ingewaka kidogo, njo ningeogopa."

Ile mama! Mi nasoma jiwe yenye jicho inaona. Yeye anasoma maini ya muntu mwenye amekaa mbele yake, amevaa na viatu.

"Na ya sukari?" yaya akauliza.

Docteur akatafuta photo ya pili. "Kivimbe kali inakulaka sukari sana. Huku nataka giza."

Akafungua. Nilishika mukono ya yaya, nikaacha kupumua, nafikiri saa mbili nzima. Maini: giza tu. Lakini juu kabisa, kitu moja inawaka sawa taa ya mbele ya camion.

"Mama docteur, na ile ku kichwa?"

"Ile ni ubongo. Ya kila muntu inawakaka, inakula sukari."

Yaya akanitazama. "Huyu mudogo wangu mukimutia mu ile mashini, kichwa itabakia nyeusi."

Miezi sita nilikuwa sijasikia yaya akifanya muntu acheke. Docteur alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akasema polepole: "Mama, sisemi umepona. Photo hainambii utaishi siku ngapi. Inanambia dawa iko na pa kushika, na ugonjwa haina haraka. Ni shindano ine, kule kule Afrique du Sud. Utaweza?"

Yaya akafunga kitenge yake nguvu. "Andika barua ya kutupeleka kule."

Docteur akaanza kuandika. Yaya akasimama nyuma ya kiti. Hajui kusoma, sawa miye. Lakini alifuata ile kalamu mustari kwa mustari, hakuruka hata moja.