Siku Mama Alipokatazwa Kuita Sabuni Yake Ngao

Jumatatu, manyunyu tangu alfajiri.

Leo dukani binti mmoja aliomba ngao, akapewa sabuni isiyo na chapa yoyote. Nikakumbuka alasiri moja sokoni, enzi za Mjerumani. Mama alikuwa akiuza sabuni aliyoichemsha mwenyewe, yenye harufu ya moshi. Mzungu mwenye sabuni ya Ngao akaja na askari.

"Ngao ni yangu tu. Hiyo usiiite hivyo."

"Tuiite mkuki, bwana?" jirani akauliza.

Mimi niliogopa kwamba ikinyang'anywa jina haitatoa povu. Pengine yule Mzungu alikuwa na haki, sijui.

Akaja mteja. "Dada, ngao ipo?"

"Haipo," mama akajibu kwa uchovu. "Ipo sabuni."

Mteja akaenda zake.

Jioni tulikula ugali na kisamvu kikavu. Nazi zote zilikwisha kwenye ile sabuni iliyododa.