Feni Nne Zinazoonekana Kutoka Barabarani

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana. Siku hiyo naikumbuka kwa dakika zake kwa sababu nilitazama saa kwa majivuno. Feni ya nne ilikuwa imeanza kuzunguka juu ya ghala la mpunga kule Kawajense, nami nilisimama barabarani na ngazi begani, nikihesabu wapita njia waliogeuza shingo.

Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na sita. Feni zile ni za bati, zina umbo la kitunguu, wala hazihitaji umeme. Upepo huzizungusha, nazo hutoa joto lililojaa ndani ya jengo. Karatasi ya maelekezo ilisema zikae juu kabisa, karibu na mgongo wa paa. Niliisoma vizuri. Lakini kwetu Mpanda fundi hatangazwi redioni. Kazi inayoonekana kutoka barabarani ndiyo inayomletea kazi nyingine. Kizuri chajiuza, nikajiambia. Nikazishusha hadi karibu na ukingo wa mbele, mstari mmoja, mita mbili kati ya feni na feni. Vipimo vyangu havikuwa na kosa hata la sentimita.

Ghala lilikuwa la kikundi cha akina mama. Waliweka mpunga humo wakisubiri bei ipande, ili Januari walipe ada za watoto. Mwenyekiti wao, Bibi Daforoza, alikuwa amekausha tumbaku miaka mingi kwenye bani, lile banda la moto na moshi, akaujua moshi kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Wenzake walipiga vigelegele. Yeye aliingia ndani, akatoka anafuta jasho.

"Mjukuu wangu, zinacheza vizuri. Ila humo ndani bado ni bani."

"Subiri upepo, bibi."

"Upepo wa kuzizungusha upo. Nauliza hewa ya kutoka. Kabla hujatoboa bati, uliwasha moshi ukaona unakwenda wapi?"

Mwenzangu Shija, Msukuma asiyejua kufunga mdomo, akaangua kicheko. "Bibi, nyie mnataka kutukausha na sisi kama tumbaku?"

Nami nikacheka, kisha nikaongeza neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Karatasi yangu haina habari za moshi."

Hakukasirika. "Sawa, fundi," alisema. Muda mfupi kabla nilikuwa mjukuu wake. Sasa nilikuwa fundi tu.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumapili, tukiwa kanisani. Maji yote ya upande ule wa paa yaliteremka, yakakuta matundu yangu manne njiani. Nilikuwa nimeyaziba kingo kwa gundi, lakini gundi haishindani na mto. Magunia kumi na mawili yalilowa, na kwa kuwa joto lilikuwa halijatoka, mpunga ulichemka ndani ya magunia ukawa wa njano kabla hatujauanika.

Bibi Daforoza hakuja kwangu na polisi. Alikuja na kopo lenye makaa na majani mabichi.

"Njoo tuangalie," alisema.

Moshi ulipanda, ukazipita feni zangu, ukajikusanya chini ya mgongo wa paa na kukaa pale. Feni zilizunguka chini yake bila kuugusa. Kisha akanionyesha matundu ya chini ya ukuta. Akina mama walikuwa wameyaziba kwa matofali kwa kuogopa panya. Nilikuwa nimeyaona siku ya kwanza, sikuuliza.

"Hewa ni kama mgeni," alisema. "Ataondokaje kama hajaingia?"

"Na maji, bibi?"

"Maji hayahitaji kupimwa kwa moshi. Hata mbuzi anajua yanateremka."

Safari hii Shija alicheka peke yake.

Niliuza pikipiki. Nikalipa mpunga, nikabadilisha bati, nikapandisha feni juu kwenye mgongo wa paa, na matundu ya chini nikayafungua na kuyawekea nyavu za chuma. Januari watoto walikwenda shule, nami nilikwenda kazini kwa miguu kutoka Makanyagio.

Basi, mwanangu, ukipewa paa, usikimbilie ngazi. Ingia ndani ukae mpaka utoke jasho. Uliza kila tundu lililozibwa, nani aliliziba na kwa nini. Washa moshi uufuate kwa macho. Tazama maji yatapita wapi. Hapo ndipo uchukue futi. Na mtu aliyeishi na joto hilo akikuuliza swali, mjibu kama mjukuu. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti pawe na masikio.

Mungu aithibitishe miguu yako ngazini. Akujalie kazi ambazo hakuna atakayezisifu kutoka barabarani, ila walio ndani wapumue. Somo hili nakupa bure. Mimi nililinunua kwa shilingi laki nane na elfu hamsini.