Binti Aliyeniita Mwanangu

Sina sababu ya kukudanganya. Kama ningetaka kutunga uongo, ningetunga ule ambao mimi ndiye shujaa, siyo huu unaonifanya nione haya hata mbele ya mke wangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mwenye akili timamu, kwenye mbuga kati ya Kilosa na Mikumi, masika ya juzijuzi tu.

Mimi ni mwalimu huko Dumila, na shuleni mimi ndiye mwalimu wa nidhamu. Mtoto akinipita bila shikamoo namrudisha, hata kama anakimbilia chooni. Ndivyo nilivyokuwa, na nilijivunia sana.

Likizo ile nikaamua kwenda Mikumi kwa pikipiki, peke yangu, nikilala kwenye hema njiani. Si vijana wanajirekodi kwenye simu wakifanya hivyo? Mke wangu akaniuliza kama nina homa. Usiku wa kwanza nililala Mabwerebwere, pale pale Kilosa, kwa mama yangu, asubuhi nikamuaga. Akatazama milimani, akasema, "Baba, huko juu kumefunga wingu. Subiri kesho." Nikamjibu kwamba mvua ya milimani hainihusu.

Kufikia alasiri nilikuwa hoi. Njia imegeuka tope jeusi la mvua za juzi, linang'ang'ania tairi, upepo unanisukuma pembeni, wingu limeshuka mpaka unahisi utaligusa. Nikaona korongo lenye mchanga mkavu, kingo zake zinakinga upepo huku na huku. Nikateremsha pikipiki, nikasimamisha hema mle mle chini. Mzaliwa wa Kilosa, masika, ndani ya korongo! Najua. Niache niendelee.

Nilikuwa nimebandika chai kwenye jiko langu dogo la gesi nilipomwona binti amesimama mbele yangu. Umri wake kama wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Miguu peku, kanga moja, ameloa chapachapa, maji yanamchuruzika mpaka mchangani. Na pale tulipo, niamini, lilikuwa halijaanguka hata tone. Hilo sikulitilia maanani. Unajua nilitilia maanani nini? Kwamba hajaniamkia.

Nikasubiri. Wallahi nilisubiri, kijiko mkononi. Akanitazama tu, kisha akasema, "Mwanangu, hama hapo."

Mwanangu! Mimi na mvi zangu!

"We binti, unamwita nani mwanangu? Shikamoo yako iko wapi?"

"Hama. Maji yanakuja."

"Kwanza niamkie."

"Wewe siwezi kukuamkia," akasema, tena kwa upole kabisa. "Njoo huku juu."

Nikawaka. Nikamwambia maneno ambayo natamani mdomo wangu ungekauka kabla sijayatoa: "Nenda kwa mama yako akakufunze adabu, mtoto usiye na kwenu!" Akainamisha uso. Alipoinua mkono kujifuta maji nikaona kovu la moto, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Akaondoka.

Nikaingia hemani kujilaza, roho bado inachemka. Mara hema likatikiswa nusura ling'oke. "Toka! Mwanangu, toka!" Nikachomoka na fimbo niliyobeba kwa ajili ya nyoka. Binti huyo, anapanda ukingo. Mimi nyuma yake, nikiapa leo nitamchapa mpaka aniamkie. Nilipoona ananishinda mbio nikamrushia ile fimbo, ikampata mgongoni. Niliisikia inavyotua kwenye nguo iliyoloa. Hakulia. Hata kugeuka hakugeuka.

Nafika juu tu, nikasikia mvumo nyuma yangu. Kugeuka, korongo zima limejaa maji mekundu na magogo. Hema, pikipiki, jiko, vyote vimekwenda! Nikageuka tena kwa binti: hakuna mtu. Mbuga tupu, nyasi fupi ambamo hata mbuzi asingejificha. Fimbo yangu ilikuwa pale chini, na nyayo zilikuwa zangu peke yangu. Ndipo mvua ikaanza.

Wafugaji wa jirani walinihifadhi kwao na kunipa maziwa, kesho yake nikapata lori la mahindi mpaka Kilosa. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikamsimulia, ila matusi na fimbo nikavimeza. Nilipofika kwenye kovu akaweka ungo chini.

"Mkono gani?"

"Wa kushoto."

Akakaa kwenye vumbi. Nilijua mama alikuwa na dada yake aliyechukuliwa na mto Mkondoa angali binti, usipatikane hata mwili wa kuzika. Nyumbani hakuzungumziwa, na habari ya kovu sikuwahi kuisikia.

"Ni mimi niliyemmwagia uji," mama akasema. "Nilikuwa mdogo. Akawaambia wazee ameanguka nao mwenyewe, ili nisichapwe."

Mama yangu mkubwa! Angeniamkiaje mimi? Mimi ndiye niliyepaswa kusimama na kumpa shikamoo yake.

Mama akanishika magoti. "Ulimwamkia?"

Ungejibu nini wewe?

"Nilimwamkia, mama."

"Akaitika?"

"Akaitika. Nikampa na chai."

Mama akalia kwa furaha, machozi ambayo sijawahi kuyaona kwake, akanibariki huku ameshika kichwa changu.

Shuleni nidhamu nimeiacha, na fimbo siigusi tena. Lakini hilo ni dogo. Siku hizi milimani kukifunga, mama anapika chai vikombe viwili na kuacha mlango wazi, mvua inaingia mpaka kitandani. Majirani wanadhani uzee. Yeye anasema, kama dada yake alikunywa chai yangu porini, kwake hatashindwa kuja. Anakaa pale mpaka chai inapoa, na mimi mwanawe, nikiwa kwake, nakaa naye, nimefunga mdomo.

Kwa hiyo nakuonya. Ukiwa peke yako mbugani, hali ya hewa imeharibika, na mtoto akakuita mwanangu, usimdai heshima. Simama, mwamkie, mfuate anakokwenda. Na ukirudi nyumbani sema yote siku hiyo hiyo, hata yale ya aibu. Usikae ukangoja kama mimi, maana mama yangu sasa hivi, mvua hii inayonyesha, yuko mlangoni.